Kisogo cha Beki

Ukiniambia nichore uso wake, pua nitakosea. Lakini kisogo! Kisogo chake nakijua kuliko sebule yangu. Mimi ni kipa wa maveterani wa Kilosa, yeye ndiye beki wa kati aliyesimama mbele yangu miaka na miaka, na kipa hana kingine cha kutazama. Nakijua kile kikunjo cha nyama juu ya shingo, na kovu la wembe aliloachiwa na kinyozi aliyekuwa anatazama mpira kwenye televisheni. Najua jinsi masikio yake yalivyosogea kidogo kabla hajaruka. Masikio yakishasogea, mimi niliweza kuinama nikafunga kamba za viatu.

Mji mzima ulimwita Beki. Watoto walisema, "Shikamoo, Beki." Wanawake waliompelekea vitambaa walisema, "Beki, hapa kiunoni pamebana." Hata mkewe, Mama Zuhura, mwanamke asiyependa mpira hata kidogo, alimwita Beki, ila yeye alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa mumewe.

Mpira wowote ukipanda juu, uwe kona, uwe krosi, uwe goli-kiki ya wapinzani, alipiga kelele neno moja tu: "Wangu!" Si kwa kuomba. Ilikuwa kama hakimu anasoma hukumu. Halafu unasikia paaa, mpira unarudi ulikotoka, na yeye anarekebisha soksi. Kwa sababu ya neno hilo mimi sikuwahi kujifunza kudaka mpira wa juu. Nacheka, lakini ni kweli. Kipa mzima, mvi kichwani, na krosi naziogopa kama mtoto anavyoogopa ngoma. Sikuwa na haja nazo. Zilikuwa za Beki.

Kazi yake ilikuwa cherehani. Alikaa kwenye baraza la duka la vyombo, njia ya kwenda stesheni, na ukimwona pale na miwani yake puani, anatunga uzi kwenye sindano huku ulimi umetoka kidogo, usingeamini kwamba Jumapili mtu huyohuyo humwangusha straika halafu akamwinua kwa kola. Uwanjani alikuwa katili. Barazani alikuwa na mikono ya mkunga. Sare za shule za mji huu nusu amezishona yeye, na akijua mtoto ni wa nyumba yenye shida, upindo wa chini anauacha mrefu, ili mwakani ushushwe, suruali iende tena.

Halafu, mtu huyo aliyeshinda na sindano kutwa aliogopa sindano ya hospitali kuliko simba wa mbugani Mikumi. Malaria ikimpiga anataka vidonge. Akiambiwa sindano anapona palepale. Nikimcheka ananijibu, "Sindano yangu naishika mimi. Ile anaishika mtu mwingine. Wewe mla panya utaelewa nini?"

Mla panya ni mimi. Mimi Mngoni, babu yangu aliletwa huku kukata mkonge. Yeye Mnyamwezi, babu yake alikuja na kazi ya reli. Basi sisi ni watani, na utani wetu ulikuwa hauna likizo. Kila asubuhi nikipita barazani kwake nilimpa shikamoo yake kwanza, maana ni mkubwa kwangu na hilo halina mzaha, akaitikia marahaba, halafu ndipo tunaanza kutukanana. Mimi nilimwambia babu zake walibeba mizigo kichwani kutoka bara mpaka pwani, ndiyo maana wajukuu wamebaki na vichwa vya mawe. Yeye hakukasirika hata kidogo. Aliona ni sifa.

Maana alikuwa na nadharia yake. "Kichwa ni kama nyayo," alituambia. "Anayetembea peku nyayo zake zinakomaa. Anayepiga vichwa, kichwa kinakomaa." Na aliishi nadharia hiyo. Nyumbani kwake aliuloweka mpira wa zamani kwenye ndoo mpaka unywe maji, halafu anaupiga kwa kichwa ukutani, kuti, kuti, kuti, mpaka Mama Zuhura anatoka na mwiko kuja kuutetea ukuta wake. Jumamosi alifundisha watoto wa mtaa. Aliwapanga mstari, anawarushia mpira juu mmoja mmoja, na anayefumba macho anarudi mwisho wa mstari. Wazazi tulipita tukasifu. Mimi mwanangu alirudi nyumbani siku moja anasema kichwa kinamgonga, nikamwambia ndiyo unakomaa hivyo.

Tulikuwa tunasema hivyo, wote. Nani angetuambia vingine? Mpira ni mpira, na kichwa kimo humo.

Sasa nisimulie ya Mikumi. Maveterani wa kule walituita kwenye bonanza, mbuzi akiwa zawadi, masika yamekolea. Uwanja wao uko jirani na barabara kuu, malori ya Zambia yanapita yanakupigia honi ukikosa goli. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na mpira umenywa maji kama ule wa kwenye ndoo. Tunaongoza moja bila, wanapiga kona. Masikio yakasogea. "Wangu!" Akaruka, na straika wao naye akaruka, jitu refu lililowahi kuendesha malori. Sikusikia paaa. Nilisikia ko, kama vibuyu viwili vimegongana.

Straika alikaa chini akashika kichwa. Beki alilala kimya, macho wazi. Tukammwagia maji ya chupa, tukampepea na jezi. Baada ya muda akapepesa macho. Refa akainama, akanyoosha vidole na kumwuliza, "Mzee, hivi ni vingapi?" Beki akamjibu, "Wangu!"

Jamani, tulicheka. Refa mwenyewe alicheka. Tukamfunga jezi kichwani kama kilemba, akarudi ndani, na kona iliyofuata akaipiga kwa kichwa na kilemba chake, watu wa Mikumi wakasimama kumpigia makofi. Mbuzi tukaondoka naye. Ndani ya kosta tuliimba mpaka Kilosa. Yeye, ambaye siku zote ndiye huanzisha nyimbo, alilala njia nzima, na mbuzi kalala miguuni pake. Tukasema mzee kachoka.

Siku zile zilizofuata alikuwa mzima kabisa. Hapo ndipo tulipodanganyika. Wiki zilipita, mvua ikakatika, mambo yakaanza kidogokidogo. Kwanza kichwa kumwuma asubuhi. Halafu akamshonea mwenyekiti wa mtaa shati lenye mikono miwili ya kushoto. Hilo shati lilizunguka mji! Mwenyekiti mwenyewe alilivaa uwanjani ili tucheke. Halafu akawa anaanza sentensi anaiachia katikati. Halafu cherehani yake ikabadilika mlio. Zamani ukipita barabarani ulisikia mguu wake unakanyaga mfululizo, sasa ulisikia unakanyaga, unakosa, unatafuta, unakanyaga tena. Mimi nilisimama pale nikamwambia, "Mnyamwezi, mizigo ya babu yako imekushukia miguuni?" Akacheka. Akachelewa kidogo kucheka, lakini alicheka.

Asiye wa kwetu atashangaa. Lakini utani ndivyo ulivyo: mtani wako akianguka unacheka, akifiwa unaigiza kilio chake, na yeye anajua kwamba ndivyo unavyompenda. Sisi maveterani karibu wote tulikuwa watani wake kwa njia moja au nyingine, na asiyekuwa mtani wa kabila alijifanya mtani wa mpira. Kila alichosahau kilikuwa zawadi kwetu.

Kilele kilikuwa asubuhi moja. Napita barazani, sijafungua hata mdomo, Beki akainuka nusu kwenye stuli yake, akaniangalia kwa heshima, akasema, "Shikamoo."

Yeye. Kwangu mimi, ambaye alikuwa ananivuta masikio nikiwa darasa la pili!

Nikaitikia marahaba kwa sauti, duka zima lisikie. Jioni nikaipeleka habari uwanjani, nikamwigiza jinsi alivyoinuka, na watu walilala chini kwa kucheka. "Mnyamwezi kamwamkia Mngoni!" Mmoja akasema sasa tumpeleke jandoni upya, maana amerudi utotoni.

Mtu mmoja tu hakucheka. Winga wetu wa kushoto ni Mmasai, familia yake ilihamia upande wa Chanzuru na mifugo, mtu wa maneno machache anayekuja mazoezini kwa pikipiki. Alikuwa anafunga njumu. Akangoja tumalize, akasema, "Samahani, wazee. Mimi sina utani na Beki. Nieleweshwe tu, kichekesho kiko wapi? Mzee amemwamkia mtoto. Kwetu tungekuwa tumeshakwenda kumwona."

Tulikwenda kwa Beki vilevile na jezi zetu, hata mazoezi hatukufanya.

Mama Zuhura alitupokea mlangoni bila kutukaribisha. "Leo mmekuja kucheka ndani?" alisema. "Kila nikimwambia mtu kwamba huyu baba anaumwa, ananiambia Mnyamwezi anazeeka. Hata wewe shemeji Kipa nilikuambia sokoni, ukacheka. Anavaa shati nje-ndani. Juzi kaniuliza mama yake amekwenda wapi. Mama yake tulishamzika zamani!" Akalia. Beki alikuwa amekaa nyuma yake kwenye kochi, anatutazama kwa adabu kama mgeni, mkono mmoja umelala pajani.

Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitalini. Tabibu alipima presha, sukari, malaria, akamwambia ainue mikono yote miwili, mmoja ukashuka wenyewe. Akauliza, "Amewahi kuanguka? Kugongwa kichwa?" Tukatazamana. Nikamweleza ya Mikumi. "Baada ya hapo mlimpeleka wapi?" Nikasema alirudi uwanjani. "Alipoteza fahamu, halafu mkamrudisha uwanjani?" Mwenzetu mmoja, wala hakukusudia ubaya, akajibu, "Tulikuwa tunaongoza."

Tukapewa rufaa ya Dodoma. Basi lilisimama Dumila, wauza nyanya na ndizi wakajaa madirishani, na Beki akawa anaamkia kila mmoja, vijana, wasichana, shikamoo, shikamoo. Wengine walicheka. Mimi niliangalia upande wa pili. Nilikuwa nimemnunulia ndizi, hajui hata kuimenya, nikaila mwenyewe nisionekane nalia.

Kule walimpiga picha ya kichwa. Daktari, mama kijana, alituita mimi na Mama Zuhura akatuonyesha kwenye kioo: huu ubongo, hili fuvu, na hapa katikati damu iliyovuja taratibu tangu mgongano ule, ikajikusanya, ikaukandamiza ubongo mpaka ukasogea. Kwa mtu mzima, alisema, huweza kuchukua wiki nyingi bila dalili, na watu hudhani ni uzee. Mama Zuhura akauliza nililoogopa kuuliza: "Atarudi kuwa yeye?" Daktari akasema, "Tukiitoa damu, mara nyingi wanarudi. Siwezi kukuahidi, mama. Lakini mmemleta." Watatoboa tundu dogo kwenye fuvu, wainyonye.

Nikauliza na mimi, maana nilikuwa na mwanangu kichwani: na hii mingine, ya kila Jumapili, ya kila siku ukutani? Hakunitisha. Alisema mgongano ndio ulioleta damu hii. Kuhusu vichwa vya kawaida, wanaochunguza mambo hayo bado hawajamaliza kubishana, lakini hakuna anayesema ubongo unakomaa kama nyayo. Ubongo haukomai, unatikisika tu. Watoto bora wacheze kwa miguu, na aliyegongwa kichwa atoke siku hiyohiyo, hata kama mnaongoza. Hayo ya mwisho aliyasema akinitazama mimi, sijui nani alimwambia.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi. Mama Zuhura alishika miwani ya Beki mkononi muda wote. Mimi nilikuwa nawaza mambo ya kipuuzi: ile sindano, nani ameishika, na kama yeye anajua. Nilimwomba Mungu, na sikuomba mengi. Niliomba anitukane.

Tuliporuhusiwa kuingia alikuwa amelala na bandeji, kisogo hakionekani, nikauona uso. Macho yake yalikwenda kwa mkewe kwanza, yakakaa hapo, akasema, "Miwani yangu umeishikia nini? Utaikunja." Mama Zuhura akaweka mkono mdomoni. Mimi nikasogea, nikasema, "Shikamoo, Beki."

Alinitazama.

"Marahaba," akasema. Akavuta pumzi. "Na ndizi yangu ya Dumila umekula, mla panya. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa kipofu."

Nesi alitutoa nje kwa kelele. Nililia kwenye korido ya watu, mtu mzima, na sikuona aibu. Nilikuwa nimefurahi, jamani, nimefurahi kupita kiasi, nikampigia simu winga wa kushoto nikashindwa kumwambia lolote. Akasikiliza kilio changu, akasema, "Basi, nimeelewa, ni habari nzuri."

Tangu hapo mambo yamebadilika kwetu. Anayegongwa kichwa anatoka, refa apende asipende. Watoto wa Jumamosi wanapanga mstari uleule, lakini mpira unarushwa kifuani, na anayeuwekea kichwa ndiye anayerudi mwisho. Beki anawafundisha mwenyewe, anawaonyesha kovu lake, dogo, nyuma ya sikio, mahali ambapo nywele hazitaki kuota vizuri. "Hapa palikuwa na mlango," anawaambia. "Mimi nilifunguliwa, mwingine hafunguliwi." Ile ndoo Mama Zuhura amepandia mchicha. Cherehani imerudia mlio wake. Shati la mikono miwili ya kushoto mwenyekiti amekataa kulirudisha, anasema ni kumbukumbu.

Lakini mtu hawi mtakatifu kwa siku moja. Aliposikia kwamba daktari, baada ya picha nyingine safi, amesema miguu ruhusa na kichwa marufuku, alisikia miguu tu. Akataka jezi. Tuligoma. Akaacha kutuongelesha. Hatimaye Mama Zuhura ndiye aliyekata shauri: atacheza, kipindi kimoja, na yeye atakuwepo. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kukanyaga uwanjani akaja na kiti chake, akakiweka nyuma ya goli langu, kibaraghashia cha mumewe mapajani. "Akipiga kichwa," aliniambia, "namfuata humohumo ndani."

Wapinzani walikuwa walewale wa Mikumi, wamekuja kwetu, na mbuzi mwingine. Straika wao lile jitu lilimkumbatia Beki kabla ya mechi kwa muda mrefu. Kisha tukaanza, na mimi nikawa na kisogo changu tena mbele yangu, na kovu lake jipya. Sikuwahi kucheza mechi na hofu namna ile. Miguu yake ilikuwa mizuri tu. Ila kila mpira ulipopanda niliona shingo inakakamaa, na mpira ukapita mbali, au winga akawahi. Mama Zuhura nyuma yangu alikuwa anasema "ee Mungu, ee Mungu" bila kupumzika.

Karibu na mapumziko wakapata kona. Mpira ukaja juu, mzuri, wa kumfaa kabisa, unashuka palepale aliposimama. Nikaona masikio yanasogea. Nikaona magoti yanakunjwa. Kiti nyuma yangu kikaanguka. Miaka yote ile ilikuwa imejipanga kwenye shingo ile ikimwambia ruka, na mimi nikapiga kelele ambayo hata sijui ilikuwa nini.

Beki akainama. Akakiingiza kichwa chake katikati ya mabega kama kobe, akapiga hatua pembeni, na akapiga kelele kwa sauti ileile ya hakimu:

"Wako, Kipa!"

Wangu! Mimi na krosi! Nikaruka, mikono huku, mpira kule, ukanipita juu ya vidole ukaingia wavuni taratibu kabisa. Refa akapuliza. Watu wa Mikumi wakainua mikono kushangilia, halafu wakaishusha, maana walituona sisi tumeshaanza. Timu nzima ilikuwa inamkimbilia Beki, winga wa kushoto mbele ya wote anaruka juu kama kwao, Mama Zuhura yuko ndani ya uwanja na kibaraghashia mkononi, anacheka na kulia. Straika wao alisimama ameshika kiuno, anauliza, "Kwani goli ni la nani?"

Mimi nilikuwa bado chini, vumbi mdomoni. Beki alijitoa kwenye mikono ya watu, akageuka. Alinigeukia mzima, uso kwa uso, na pua yake ni pana kuliko nilivyokuwa nadhani.

"Kipa gani wewe?" akasema.

"Shikamoo, Beki."

"Marahaba," akasema, akanipa mkono niinuke.